Uso na Shela Chini ya Jua la Pasua

Mji wa Moshi uko digrii 3 na ushei kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita karibu kabisa na utosi mara mbili kwa mwaka, kabla kidogo ya katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, nalo hufikia kilele takriban nusu saa baada ya saa sita mchana. Katika mitaa ya Pasua mjini humo, isiyo na migomba iliyosongamana kama ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya mlimani Kilimanjaro, mpigapicha wa harusi anayeitwa saa hizo hukuta mwanga unaoshuka wima na kutia giza machoni na chini ya pua, huku mabati yakimeta, na shela ikimeta hadi nakshi zake zisionekane.

Hesabu ya kuanzia ni ya tangu enzi za filamu: juani, tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga na ambao hupungua kadiri namba yake inavyokua, huwekwa f/16, na kasi ya shata, yaani muda wa mwanga kuingia, hufuata ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea: kwa ISO 100 kasi huwa karibu 1/125 ya sekunde, na anayetaka f/4 ili mandhari ya nyuma ififie atahitaji 1/2000.

Hesabu hiyo haihusu uso ulio kivulini, wala kipimamwanga cha kamera hakimtambui bibi harusi: kimeundwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake huakisi takriban asilimia 18 ya mwanga, kwa hiyo shela ikijaa kwenye fremu kamera hupunguza mwanga mpaka weupe uwe kijivu, na uso mweusi huzama kabisa. Dawa ni upimaji wa nukta, unaosoma sehemu ndogo tu ya fremu, uelekezwe shavuni, kisha mwanga upunguzwe kidogo, maana kipimo kitataka kuifanya ngozi nayo iwe kijivu. Tatizo la ngozi nyeusi kutozingatiwa si geni: kadi ambazo Kodak ilizisambaza kwenye maabara za kusafishia picha ili kusawazisha rangi zilibeba kwa miongo kadhaa sura za wanawake weupe.

Hata hivyo, mipangilio husifiwa kupita kiasi, kwani kumsogeza bibi harusi barazani huokoa picha nyingi kuliko namba yoyote. Flashi ya kujazia vivuli husaidia, ila kwa kuwa kamera nyingi haziipatanishi kwa kawaida na shata inayozidi 1/250, tundu hufungwa hadi f/11, na flashi ndogo hulazimika kusogezwa karibu. Wanaotaka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyuma ya maharusi ni heri wapigwe picha asubuhi, kwani kufikia adhuhuri mlima mara nyingi huwa umeshajifunika mawingu.