Upendeleo wa Rangi na Umilikaji wa Ardhi katika Wilaya ya Kilosa: Mtazamo kutoka Mamboya

1. Utangulizi

Tafiti kuhusu rangi na ukosefu wa usawa katika jamii ya Marekani zimeipa sosholojia dhana ya upendeleo wa weupe. Dhana hiyo hurejelea manufaa anayoyapata mtu kwa kuhesabiwa kuwa Mzungu, bila kuyaomba na mara nyingi bila kuyatambua. W. E. B. Du Bois aliligusia jambo hilo mwaka 1935 alipoeleza kwamba vibarua weupe wa Kusini mwa Marekani, ingawa walipata ujira mdogo, walilipwa pia kwa hadhi iliyowatenga na vibarua weusi. Katika miaka ya 1980 dhana hiyo ilienezwa zaidi na Peggy McIntosh.

Makala haya yanaitumia dhana hiyo kufafanua historia ya Mamboya na Wilaya ya Kilosa kwa jumla. Hoja kuu ni kwamba upendeleo wa rangi nchini Tanganyika haukutegemea tu chuki ya mtu kwa mtu, bali ulikaa katika nyaraka: hati ya ardhi, kipande cha kazi na daftari la wapigakura. Rangi ilipoondolewa katika sheria, hati ya ardhi iliendelea kufanya kazi yake mikononi mwa wamiliki wapya.

2. Mlima na bonde

Mamboya iko katika milima ya Ukaguru. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kuelekea Mpwapwa ilipita huko, na kufikia mwaka 1880 wamisionari wa CMS walikuwa wamefungua kituo. Kwa Wakaguru, ambao hufuata nasaba ya upande wa mama, ardhi ilisimamiwa na koo. Mtu alipata shamba kwa kuwa ndugu, mkwe au mgeni aliyekubaliwa. Haki yake ilithibitishwa na kumbukumbu za wazee na ushahidi wa majirani, si kwa maandishi.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita Kilosa, na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli iliipa ardhi ya bondeni thamani mpya. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, pamoja na pamba, ulilimwa katika mashamba makubwa ya Kimamba na maeneo ya jirani. Wamiliki wake walikuwa hasa Wazungu, wakiwamo Wagiriki, na baadhi ya Waasia. Hivyo ndani ya wilaya moja zilikutana haki mbili za ardhi: moja iliyokumbukwa na nyingine iliyoandikwa.

3. Sheria zilivyotofautisha watu

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba ardhi ya Tanganyika ni ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Mgeni aliweza kupewa haki ya kumiliki ardhi kwa muda uliofikia miaka 99. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliitambua pia haki ya wenyeji walioitumia ardhi kwa mila zao. Kwa juujuu, pande zote mbili zililindwa. Hata hivyo, aliyekuwa na hati aliweza kuiweka rehani benki na kupata mtaji, ilhali mkulima wa Mamboya hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Pengo hilo lilipanuliwa na sheria za mikopo. Sheria ya mwaka 1931 ilimzuia mfanyabiashara kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwakinga wenyeji dhidi ya madeni. Matokeo yake yalikuwa kuwafungia mlango wa biashara. Hapa ndipo dhana ya upendeleo inapofaa kuliko dhana ya chuki, kwa kuwa sheria iliyoandikwa kwa lugha ya ulinzi iliweza kumjengea mwingine faida bila kumtukana yeyote.

Wakati huohuo, Mwafrika alidaiwa kodi ya kichwa na ya nyumba kwa fedha taslimu. Njia mojawapo ya kupata fedha hizo ilikuwa kazi ya mkonge. Kibarua alipewa kipande chenye nafasi za siku 30. Siku iliandikwa pale tu alipomaliza kazi aliyopimiwa, na ujira ulilipwa kipande kilipojaa. Hati ilimhesabia mmiliki miaka. Kipande kilimhesabia kibarua siku.

Mgawanyo huo ulionekana pia katika elimu na siasa. Shule ziligawanywa kuwa za Wazungu, Waasia na Waafrika. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza waliteuliwa mwaka 1945. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpigakura alitakiwa kuchagua Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja. Kwa mpango huo, Wazungu wapatao 20,000 walipewa uwakilishi uliolingana na ule wa Waafrika zaidi ya milioni 8. Isitoshe, haki ya kupiga kura ilitegemea masharti kama kipato au kiwango cha elimu, vitu ambavyo mfumo wenyewe ulikuwa umewanyima wengi.

4. Baada ya uhuru

Hatua za kisheria za kuondoa rangi zilichukuliwa upesi. Mwezi Oktoba 1961 Julius Nyerere alipinga bungeni pendekezo la kuufunga uraia na rangi. Mwaka 1962 mgawanyo wa shule kwa rangi ulikomeshwa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu uligeuzwa kuwa wa kupangishwa na serikali, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge iliingia mikononi mwa umma.

Mipaka ya mashamba, hata hivyo, haikufutwa pamoja na rangi ya wamiliki. Bei ya mkonge iliposhuka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, mengi yaligeuka mapori yenye hati, huku vijiji jirani vikikosa nafasi ya kulima. Uhaba wa ardhi ni miongoni mwa mambo yaliyochochea uhasama kati ya wakulima na wafugaji wilayani. Mwezi Desemba 2000 watu 38 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni. Wahusika wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, lakini uwanja waliogombania ulikuwa umebanwa na mistari iliyochorwa zamani. Katika miaka ya karibuni serikali imefuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa.

5. Ulinganisho na Marekani

Marekani ilitoa somo linalofanana. Kuanzia miaka ya 1930 mipango ya serikali kuu ya mikopo ya nyumba iliviona vitongoji vya watu weusi kuwa visivyofaa kukopeshwa. Sheria ya mwaka 1968 ilikataza ubaguzi katika makazi, lakini nyumba zilizokwisha kununuliwa zilirithishwa kwa watoto na wajukuu. Tofauti ni kwamba huko manufaa yamebaki kwa kiasi kikubwa ndani ya kundi lilelile la rangi, ilhali Kilosa yalihamia kwa dola, kampuni na watu binafsi wenye uwezo. Kilichokuwa upendeleo wa rangi kikawa upendeleo wa tabaka.

6. Hitimisho

Mfano wa Kilosa unaonyesha kuwa kufuta rangi katika sheria ni hatua ya lazima isiyotosha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa haki ya kimila hadhi sawa kisheria na haki iliyotolewa kwa hati. Kwa mkulima wa Mamboya, usawa huo utapimwa kwa mambo mawili: iwapo hatimiliki yake ya kimila itapokelewa benki kama dhamana, na iwapo itasimama mbele ya mwekezaji anayeitaka ardhi hiyohiyo.