Wati 75

Dell OptiPlex 9020 ilitoka mwaka 2013 kwa kazi moja tu: kukaa chini ya meza ya karani, kufungua barua pepe na mahesabu ya Excel, na kunyamaza. Maofisi ya Uingereza yaliinunua kwa wingi, yakaitumia miaka michache, yakaiondoa. Maisha yake ya pili yalianzia hapo. Nairobi mashine kama hizi huitwa ex-UK. Dar es Salaam watu husema mtumba, na yatosha. Zimejaa kwenye maduka ya Moi Avenue na ya Kariakoo, nyingine bado zina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ambayo mnunuzi hataijua kamwe.

Wengi huzichukua kwa ajili ya saiba, duka la kuchapa au mtoto anayeanza chuo. Lakini wapo vijana wanaoingia dukani na maswali mengine kabisa. Hawaulizi Word inafunguka kwa kasi gani. Wanauliza kasha ni pana au jembamba, pawa ina wati ngapi, na kama ile sloti ndefu ya kadi bado ipo wazi. Hawa ni wacheza gemu wa kompyuta, na karibu kila desturi yao imetokana na namba moja: wati 75.

Namba hiyo ina asili yake. Kwa kanuni za PCI Express, kadi ya grafiki inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kupitia sloti yenyewe, bila waya wa ziada. Ikitaka zaidi ya hapo, huungwa waya wa pini 6 unaoongeza wati 75 nyingine, au wa pini 8 unaotoa 150. Pawa ya 9020 ya kasha jembamba ina wati 255, ya kasha la wima 290, na waya wa pini 6 haumo. Karani angeufanyia nini? Tena Dell waliacha plagi ya kawaida ya pini 24 inayokwenda kwenye bodi, wakatumia yao ya pini 8. Anayetaka kuweka pawa kubwa ya dukani lazima kwanza atafute waya wa kugeuzia.

Ndiyo maana kadi kubwa zinazosifiwa na majarida ya Marekani hutazamwa tu, zikapita. Kadi zinazozungumzwa kwa dhati ni chache. GTX 750 Ti ya Februari 2014, iliyoridhika na wati 60, ndiyo iliyofungua njia. Oktoba 2016 ikaja GTX 1050 Ti, gigabaiti 4 za kumbukumbu ndani ya wati 75 zilezile, na mpaka leo jina lake hutajwa kwa heshima apewayo mjomba aliyesomesha ukoo mzima. GTX 1650 ikafuata mwaka 2019. Hata humo kuna mtego: baadhi ya watengenezaji waliweka pini 6 kwenye matoleo yao ya 1050 Ti na ya 1650, kwa hiyo jina la kadi pekee halitoshi. Lazima uigeuze na uitazame kichwani.

Kadi hainunuliwi na mtu mmoja. Mwenye fedha huenda na mwenye macho: rafiki, binamu, au jirani ambaye mtaa mzima humwita fundi hata kama kazi yake halisi ni kuuza nguo. Huyu ndiye anayezungumza na muuzaji, na huzungumza kidogo. Bei haiulizwi mapema, kwa sababu ukishauliza "mwisho ngapi, bosi?" umeonyesha kwamba mzigo umeshaukubali. Kwanza kadi ichomekwe. Na M-Pesa haiguswi mpaka picha itokee kwenye skrini.

Kabla ya kuchomeka kuna ukaguzi, nao ni darasa zima. Fundi huishika kadi kwenye kingo, akaielekeza kwenye mwanga, akatazama meno ya dhahabu ya chini kama yamechubuka. Kisha hugeuza nyuma na kuangalia vichwa vya skrubu nne zinazoshikilia kipoozaji. Muuzaji ameshaapa kwamba kadi haijafunguliwa. Skrubu zenye mikwaruzo humjibu. Halafu hunusa. Anatafuta harufu ya dawa ya kulehemu, dalili ya kadi iliyopashwa moto, yaani iliyokuwa imekufa ikafufuliwa kwa bloa. Kadi ya namna hiyo inaweza kufanya kazi wiki mbili ikanyamaza tena, na kufikia wakati huo muuzaji ameshabadilisha kibanda.

Dalili nyingine ipo pale nyuma, kwenye matundu ya nyaya za skrini. Chipu za kizazi cha 1050 Ti haziwezi kutoa picha ya VGA, ule mfumo wa zamani wa plagi ya buluu. Lakini sokoni zipo zinazoitwa 1050 Ti na zina tundu la VGA kabisa. Hizo ni feki. Nyingi ni kadi za zamani, mfano GTS 450 ya mwaka 2010, zilizoandikwa upya kumbukumbu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina lisilo lao. Windows huamini. Udanganyifu huu ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua, nayo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Tangu hapo hakuna mtu wa kundi hili anayekwenda sokoni bila programu hiyo kwenye flashi. (Ajabu ni kwamba tundu lile la VGA huwafurahisha wanunuzi wageni, kwa kuwa skrini za ex-UK nyingi ni za VGA. Wenye kadi halali hulazimika kununua kigeuzi cha HDMI.)

Mwisho wa ukaguzi ni FurMark, programu inayochora pete yenye manyoya na kuikamua kadi mpaka tone la mwisho. Hapo watu husimama na kutazama joto likipanda. Nukta za rangi zikianza kuruka kwenye skrini, kadi hufungwa na salamu za kwaheri hutolewa kwa adabu. Hakuna kugombana. Soko ni dogo na mtarudi.

Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikikesha kwenye mashamba ya uchimbaji zikamwagika masokoni kote duniani. RX 580, iliyotoka 2017, ikawa ya bei ya kutamanisha. Inakula wati 185. Vishawishi havikosi waitikiaji, basi wakatokea waliochukua waya wa kugeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa ya pini za kadi. Plagi ya SATA imekadiriwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Kinachobaki ni moshi. Picha za plagi zilizoyeyuka husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na vicheko, lakini ndani ya vicheko kuna malezi: mgeni akiuliza kuhusu waya huo, hapewi maelezo marefu, hutumiwa picha.

Kadi mpya ikishaingia, ile ya zamani haibaki kabatini. Hushuka. Mwenye 1650 humpa mdogo wake 1050 Ti, naye huiachia GT 1030 yake kwa rafiki aliyekuwa akicheza kwa grafiki ya ndani ya prosesa. Mara nyingine hulipwa kitu kidogo, mara nyingine ni deni la hisani. Gemu nazo husafiri hivyohivyo. GTA V inadai zaidi ya gigabaiti 60, na kwa bei ya bando hakuna mwenye akili anayeipakua mara mbili ikiwa jirani anayo. Diski ya nje huzunguka nyumba hadi nyumba, na aliyekaa nayo kupita kiasi hukumbushwa hadharani.

Siku ya kufunga kadi huwa ya watu. Sipiyu, yaani sanduku lote, hutolewa nje kupulizwa vumbi kwanza. Kwenye kasha jembamba lazima kadi iwe fupi kwa kimo, kama zile 1050 Ti za MSI na Gigabyte zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, na mabano yake marefu yabadilishwe kwa mafupi. Yakikosekana, hung'olewa kabisa na kadi hubaki imeshikwa na sloti peke yake. Si sahihi, lakini makasha mengi yanaishi hivyo. Mama mwenye nyumba naye ana swali lake: hii itakula umeme kiasi gani? Wenye busara hujibu kwa hesabu. Wati 75 kwa saa tatu hazifiki robo ya uniti ya LUKU. Pasi inamaliza kiasi hicho kwa dakika chache, ingawa si vyema kuitaja pasi mbele ya anayeitumia.

Sasa kundi lina mgogoro. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za 2013 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Mwaka huohuo NVIDIA ilitoa draiva ya mwisho ya gemu kwa kizazi cha 1050 Ti. Yaliyobaki ni marekebisho ya usalama hadi 2028. Wachezaji wa Valorant wanasita kuhama hata kwa njia za panya, kwa sababu kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo 9020 haina.

Upande mmoja unataka OptiPlex 7060 ya mwaka 2018, inayoikubali Windows 11. Upande mwingine unasema bado mashine ipo hai, ongeza tu kadi: RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka Februari 2024 inavuta wati 70. Wabishi wa bei hutaja RX 6400, wati 53 pekee. Tatizo lake ni kwamba inatumia njia 4 tu za PCI Express, na kwenye bodi ya 2013 kila njia ina kasi nusu ya ile iliyokusudiwa. Anayerekodi mechi zake kwa ajili ya YouTube haigusi kabisa, maana AMD waliiondolea ile sehemu ya chipu inayoandaa video wakati wa kurekodi, na kazi hiyo yote huirudia prosesa ya miaka kumi na zaidi.