Damu Isiyoonekana: Nyonga Ikivunjika

Mifupa ya nyonga imeungana kama pete. Mtu akigongwa na gari njiani Himbi, au akiangukiwa na chukudu yenye mizigo, pete hiyo yaweza kuvunjika na kufunguka. Ndipo mishipa ya ndani hukatika. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu; lita 2 au 3 zaweza kuvujia ndani pasipo tone kuonekana nje. Mkimwona amepauka, ana jasho baridi na moyo unakwenda mbio, jueni yu hatarini.

Msimketishe, wala msimpakie juu ya pikipiki. Msimtikise nyonga ili kujaribu mifupa. Mfungeni kitenge kwa kukaza, penye mifupa inayotokeza kando, juu ya mapaja; si tumboni. Fungeni magoti pamoja. Mlazeni juu ya ubao, mfunikeni, mpelekeni hospitali upesi. Asile wala asinywe, maana huenda atapasuliwa.

Hospitalini atatiwa damu. Isipokoma kuvuja, daktari hupasua chini ya kitovu, akajaza vitambaa safi pande mbili za kibofu ili kubana mishipa, naye huishika pia mifupa kwa vyuma kutoka nje. Baada ya siku 1 au 2 vitambaa hutolewa.

Lakini kazi hiyo yaweza kushindwa damu ikikosekana. Damu haitengenezwi kiwandani. Mungu ameiweka mwilini mwa jirani. Basi ndugu wa mgonjwa, msikimbie mkiombwa kutoa.