Mvua moja kwenye dagaa, na riba ya asilimia 20

Mchuuzi wa dagaa Mwigobero, Musoma, hupata faida yake juani. Mzigo ukikauka vizuri unalipa. Ukinyeshewa ukiwa umeanikwa, unaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mkopo wake lazima upigiwe hesabu pamoja na mvua hiyo.

Tuchukue mfano. Mama amekopa shilingi 300,000 na anazungusha mizigo 4 kwa mwezi. Mzigo salama unampa faida ya 35,000, ulionyeshewa unamtia hasara ya 80,000. Tuseme mzigo 1 kati ya 10 hunyeshewa. Uwezekano wa mizigo yote 4 kupona ni 0.9 mara 0.9 mara 0.9 mara 0.9, yaani asilimia 66 hivi. Kwa miezi 6, mizigo 24, uwezekano huo unashuka hadi asilimia 8. Basi kunyeshewa kutakuja tu, na kupangiwe mapema kama ushuru wa soko.

Mwezi wa mvua, mizigo 3 inaleta 105,000. Toa 80,000, anabaki na 25,000. Mkopo wa kausha damu wa asilimia 20 kwa mwezi unadai riba ya 60,000. Hana. Riba isipolipwa inaongezwa kwenye deni na yenyewe inaanza kuzaa: 360,000, kisha 432,000, kisha 518,400. Baada ya miezi 6 deni ni karibu 896,000. Hapo ndipo wakopeshaji wanapokuja kubeba televisheni na magodoro.

Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kwa kiwango hicho riba ni 10,500. Mvua ileile, mzigo uleule, naye analipa riba na kubaki na 14,500.

Mkulima wa pamba Bunda ana hali ngumu zaidi, maana anavuna mara moja. Akikopa 300,000 Novemba na kuuza Julai, kwa asilimia 20 anadaiwa karibu 1,290,000, kwa 3.5, kama 395,000.

Kabla ya kusaini, gawa 72 kwa riba ya mwezi: utapata takriban miezi ambayo deni lisiloguswa litaongezeka mara mbili. Kwa 20 ni chini ya miezi 4. Kisha mwombe mkopeshaji akuonyeshe leseni yake ya Benki Kuu. Akikwepa, ondoka na kitambulisho chako.