Mzee mvuvi na samaki anayesema

KALEMIE – Filamu ya Ghana iitwayo The Fisherman ingeeleweka haraka kwa wavuvi wa ziwa Tanganyika. Atta Oko, mvuvi mzee aliyestaafu, anatamani mtumbwi wake mwenyewe. Anafunga safari hadi Accra pamoja na vijana watatu na samaki anayesema, tena mwenye maneno makali.

Kazi hiyo ya Zoey Martinson ilionyeshwa Venice mwaka 2024 na kupata medali ya Fellini ya UNESCO. Samaki anachekesha kweli. Lakini uchungu uko kwa mzee: anaijua bahari vizuri, na ni nani bado anamuuliza?

Kalemie, mji wa ndakala na mikebuka, mzee asiyeingia tena ziwani anaweza kushona nyavu kutwa nzima bila kusemeshwa. Atta Oko angalau ana samaki wa kubishana naye.