Njia ya Kuufikia Utabibu



Mama mmoja, ambaye binti yake yuko chuoni Marekani, alitujia kwa huzuni, akasema, "Mwalimu, mwanangu ataka kuwa daktari, lakini amechagua kusoma historia. Je, hajajipoteza?" Yatupasa kulijibu swali hili, kwa maana twajua nyumba zilizokosa amani kwa ajili yake.

Kwetu Tanzania, kijana aliyefaulu fizikia, kemia na biolojia katika kidato cha sita aweza kuingia mara moja katika masomo ya udaktari, nayo ni ya miaka 5. Marekani sivyo. Huko mwanafunzi husoma kwanza chuoni kwa kawaida miaka 4, ndipo aombapo nafasi katika chuo cha utabibu, asome 4 mingine. Somo lake kuu la miaka ile ya kwanza si lazima liwe biolojia. Wengi huichagua, lakini vyuo vingi vya utabibu hutaka hili tu: pamoja na somo lake, awe amesoma biolojia, kemia na fizikia, akafaulu vizuri.

Tena uko mtihani uitwao MCAT. Tangu mwaka 2015 una sehemu 4: mbili ni za elimu ya viumbe, kemia na fizikia; ya tatu yahusu nafsi na jamii ya watu; ya nne yapima kusoma kwa kufahamu.

Mtazameni Paul Farmer. Katika Chuo Kikuu cha Duke alisoma elimu ya desturi za watu juu ya maradhi na uponyaji, akamaliza mwaka 1982. Akapata udaktari Harvard mwaka 1990. Aliwatibu maskini wa Haiti na Rwanda, akafia Butaro, Rwanda, mwaka 2022.

Walakini, apendaye historia akaipuuza kemia hatafika. Naye alazimishwaye kusoma biolojia asiyoipenda hupata alama hafifu, nazo humfuata hadi mlango wa chuo cha utabibu. Na mlango ukifungwa, atabaki na elimu asiyoitaka.

Basi tulimwambia yule mama, "Usimgombeze kwa historia. Mwulize, kemia ataianza lini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sikumwuliza." Akaenda kumwandikia.