Fahamu: Kwa nini jaa la taka ni hatari kando ya Mto Turkwel

Mto Turkwel hupita Katilu na Lodwar, nchini Kenya, ukielekea Ziwa Turkana, ambalo mbuga zake ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Wageni wanaofuata ziwa hilo huongeza chupa na vifungashio juu ya taka za majumbani.

Hatari iko wapi?
Jaa la wazi huvujisha maji machafu hadi kwenye mchanga wa laga, mito ya msimu ambamo watu huchimba visima vya maji ya kunywa. Mvua ikinyesha ghafla, mafuriko huzoa taka hadi mtoni. Mbuzi akila plastiki, tumbo huziba na anaweza kufa. Kuchoma taka nako hutoa moshi wenye sumu.

Sheria inasemaje?
Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na plastiki za kutumika mara moja katika maeneo ya hifadhi Juni 2020. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe.

Nini kifanyike?
Jaa liwe mbali na mto na laga, tena lizungushiwe ua. Mabaki ya chakula yageuzwe mboji. Hoteli ziwape wageni maji ya mtungi badala ya chupa. Mfugaji asiachiwe gharama ya taka zisizo zake.